Mangi ameandika, nani hakuulizwa?

Nilipokwenda chuo kusoma historia, baba mdogo aliniuliza: "Mwanangu, hiyo itakulipa nini?" Swali la haki, ada yangu ilitoka kwenye kahawa ya kihamba.

Jibu nililipata miaka baadaye, kwenye kikao cha ukoo huku Marangu: je, shangazi apate sehemu ya kihamba cha marehemu babu? Baba mdogo akainua Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu cha Mangi Petro Itosi Marealle cha 1947. "Mila imeandikwa humu!"

Nakipenda kitabu kile. Mchagga anajieleza mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kumsubiri mmisionari kama Bruno Gutmann. Lakini chuo kilinifundisha kumuuliza mwandishi: umekaa wapi unapoandika? Huyu alikaa kwenye kiti cha umangi. Kitabu kinaonyesha mila ilivyosimuliwa na mangi. Si hati ya shamba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Nikasema, "Basi tumsikie na shangazi." Aliongea saa nzima. Kesi haijaisha, ila sasa naye anaitwa kikaoni.