Watoto Walikula Nini? Tafakari juu ya Tamthilia ya Kinjeketile

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa katika shule zetu kwa miaka mingi, na wahakiki wengi wameijadili. Kwa kawaida mjadala huelekezwa kwenye maji: je, Kinjeketile alikuwa nabii, au kiongozi aliyehitaji imani ili kuyaunganisha makabila? Swali hilo ni la haki, wala mwanateolojia hawezi kulipita. Hata hivyo, hapa tunakusudia kuuliza swali jingine, ambalo hatukulibuni sisi. Tulipoisoma tamthilia hii pamoja na washarika wachache hapa Lemara, bibi mmoja alisikiliza kimya hadi mwisho, kisha akasema: "Mchungaji, na watoto walikula nini?" Hatukuwa na jibu.

Jambo la ajabu ni kwamba tamthilia yenyewe inaanzia hapo. Kabla ya kiapo na kabla ya jeshi, tunakutana na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumza juu ya njaa. Waume zao wanafanyishwa kazi katika shamba la mgeni, na nyumbani hakuna cha kupika. Hapo Hussein amefanya kazi kubwa. Anatuonyesha kwamba vita havikuzaliwa kwanza katika hoja za uhuru, bali katika chungu kitupu. Historia inamuunga mkono. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, na Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete walianza uasi wao kwa kuing'oa pamba hiyo.

Lakini kadiri mchezo unavyosonga mbele, jukwaa linawaachia wanaume nafasi: mashauri, mipango na mapigano. Mwishoni tumo gerezani, na Kinjeketile anakataa kuyakana maji, kwa kuwa neno lililozaliwa na mtu limekwisha kumzidi aliyelizaa. Ni tamati yenye nguvu. Hata hivyo, mlango wa jikoni uliofunguliwa mwanzoni umefungwa, tena umefungwa mahali ambapo ulihitajika zaidi. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, maghala na mazao. Wanahistoria wengine hukadiria kwamba waliokufa walifikia 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi, si risasi. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa huko Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Majirani zake walibaki na mateso hadi mwaka 1907 na baadaye.

Huenda msomaji akatujibu kwamba Hussein mwenyewe ameonya kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si mtu wa historia. Tunakubali. Hatumdai takwimu za njaa. Tunaupima mchezo kwa mizani uliyoiweka wenyewe katika onyesho la kwanza.

Wala tusiwe wepesi wa kuhukumu, maana sisi wahubiri wa mlima huu tuna kosa lilo hilo. Oktoba 1896, miaka tisa kabla ya Maji Maji, wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock wa Misheni ya Leipzig waliuawa huko Akeri. Majina yao tunayataja, na ni vema tuyataje. Kisha Kapteni Johannes alikuja na askari wake, pamoja na wapiganaji wa Kichagga, kuwaadhibu Wameru na Waarusha. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, mifugo ikatwaliwa. Kila mkulima wa Meru anajua kwamba mgomba uliopandwa leo hauilishi nyumba kesho. Je, mama aliyebaki na watoto katikati ya mashina yaliyokatwa aliishije mpaka mkungu wa kwanza ulipokomaa? Katika mahubiri tuliyoyasikia, na katika tuliyoyahubiri wenyewe, habari hiyo hupita kwa sentensi moja, au haitajwi kabisa.

Kwa Mlutheri, kunyamaza huko si jambo dogo. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, anahesabu amani na serikali njema ndani ya mkate wa kila siku. Basi vita ni jambo la mezani kabla ya kuwa jambo la mashujaa. Kitabu cha Maombolezo, katika sura ya pili, hakikuona haya kuwaweka watoto wakiwauliza mama zao chakula katikati ya mji ulioanguka. Maandiko hayakuufunga mlango ule.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi waisome Kinjeketile hadi mwisho, kisha warudi kwenye onyesho la kwanza na kulisoma tena. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu huko Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya Maji Maji. Wazee walioiona Oktoba ya Akeri hawapo tena, lakini vitukuu wao wanaketi katika viti vya makanisa yetu kila Jumapili. Tuwaulize walichosimuliwa, na tuandike, kabla hatujapanda tena mimbarani kuhubiri juu ya mashahidi. Swali la bibi yule bado linatudai.