Juu ya Mabishano ya Kiswahili kuhusu Ukweli wa Mafundisho ya Kikristo

Mwaka 1923 Kanoni Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA iliyokuwa Unguja, alitoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, pamoja na dibaji na maelezo machache yake mwenyewe. Tangu hapo swali la kama mafundisho ya Kikristo ni ya kweli au ni ya uongo halikubaki tena swali la Kiarabu na la Kiyunani. Lilikuwa swali la Kiswahili pia, nalo lilijibiwa kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika Mombasa ili kuwakinga Waislamu na mafundisho ya wamisheni. Mwaka 1953 Waahmadiya walitoa tafsiri yao Nairobi. Mwaka 1969 ilitoka Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, ambayo kwa sehemu kubwa ni jibu kwa hao wawili waliomtangulia. Kisha katika miaka ya 1980 ikaja mihadhara ya mlingano wa dini, ambapo wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani na Biblia ya Union ya mwaka 1952 mkononi, wakawahoji Wakristo kwa kitabu chao wenyewe.

Maandiko hayo yamechunguzwa na wanahistoria wa dini. Wanalugha wameyapita kana kwamba hayawahusu, nami naona wamekosea. Mtu akiyasoma kwa utulivu ataona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi imo katika maneno, wala si katika mambo yanayotajwa na maneno hayo. Sehemu hiyo ikiondolewa, kinachobaki ni kidogo kuliko tulivyodhani, lakini ni kigumu zaidi.

Tutazame neno Injili. Mwislamu alitamkapo hukusudia kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa na Mwenyezi Mungu, kama Taurati ilivyoteremshwa kwa Musa. Mkristo alitamkapo hukusudia habari njema za Yesu, na pili vile vitabu vinne vilivyoandikwa na watu waliozisimulia habari hizo. Neno lenyewe ni la Kiyunani kwa asili, likaingia Kiarabuni, na wataalamu wengi huona kwamba lilipitia Kihabeshi. Kutoka Kiarabu likaja kwetu. Sasa Mwislamu asema: Injili ya kweli imepotea, hii mliyo nayo imeandikwa na watu. Mkristo ajibu: haikupotea, hii hapa, ilivyoandikwa na Mathayo. Kila mmoja aona kwamba mwenziwe amekubali kosa. Lakini Mkristo hakudai hata siku moja kwamba Yesu alipewa kitabu, kwa hiyo kumwambia kitabu hicho kimepotea si kumpinga. Naye Mwislamu hakukana kwamba Mathayo aliandika, kwa hiyo kumwonyesha Mathayo si kumjibu. Mabishano ya namna hii yaweza kuendelea miaka mia, na kwa kweli yameendelea.

Chanzo chake si hila ya mtu yeyote. Krapf alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia ni kadhi wa mji huo. Hapakuwa na njia nyingine. Kiswahili kilikwisha kuwa na imani, dhambi, sala, nabii, malaika, shetani, toba na dini yenyewe, na maneno hayo yote yalikuwa yamekaa katika Uislamu kwa karne nyingi. Krapf, na Steere baada yake kule Unguja, waliyatwaa kama mtu apangaye nyumba yenye vyombo ndani. Wakabadili vichache. Vingi wakaviacha palepale. Tusiwalaumu, kwani walitaka kueleweka. Ila walieleweka upesi mno, na neno linaloeleweka upesi ndilo linaloficha tofauti.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni neno nafsi. Wakristo wa Kiswahili husema kwamba Mungu ni mmoja katika nafsi tatu. Msikilizaji wa pwani, aliyezoea kusema nafsi yangu na kujiwekea nafsi, asikia kwamba kuna wenyewe watatu, kila mmoja na moyo wake na matakwa yake; basi ni miungu watatu, na neno mmoja limewekwa kwa haya tu. Wakristo wa Kiarabu walilijua shimo hilo. Hawakutumia nafs hapa. Walichukua neno geni, uqnum, ambalo halina kazi nyingine katika maongezi ya kila siku, hivyo asikiaye hulazimika kuuliza maana. Wafasiri wetu hawakulichukua.

Hata hivyo kuna jambo ambalo nashangaa kuona kwamba wapinzani na watetezi wote wameliacha. Wanasarufi wa Kiswahili nao hutumia neno hilohilo: nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu. Na Kilatini kilifanya vivyo hivyo kwa neno persona. Tertullian wa Karthago, mapema katika karne ya tatu, alipotaka kuonyesha jinsi Mungu alivyo mmoja na bado kuna Baba, Mwana na Roho, alielekeza macho kwenye usemi wa Maandiko: yuko asemaye, yuko asemeshwaye, na yuko asemwaye. Hizo ni nafsi za sarufi. Mtu mmoja kamili hahitajiwi kugawanyika ili maneno mimi, wewe na yeye yawe na maana; kinachotofautisha ni uhusiano. Sisemi kwamba hoja hiyo yathibitisha Utatu. Nasema kwamba Mswahili anayo tayari, katika darasa la lugha, maana ya nafsi iliyo karibu na hoja ya kale kuliko ile ya barazani, na hakuna mhubiri niliyemsoma aliyeitumia. Badala yake huletwa mifano. Atakayesema kwamba Utatu ni kama mafiga yaliyobeba chungu kimoja ameiharibu hoja yake mwenyewe, maana mafiga ni mawe matatu, na moja likiondolewa chungu huanguka.

Kwa upande wa pili, msomaji wa Kurani aangalie ni kitu gani hasa kinachokanwa. Aya ya 116 ya Sura ya tano yahusu kumfanya Isa na mama yake kuwa miungu wawili badala ya Mwenyezi Mungu. Hilo hata Mkristo afuataye Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 hulikana. Zipo aya nyingine zinazogusa kiini cha imani yake, na hizo asizikwepe.

Nasema asizikwepe kwa sababu watetezi wengi wa Kikristo hukwepa kwa neno mwana. Hudai kwamba Mwana wa Mungu ni usemi wa mfano tu, na lugha yetu yawapa nguvu, kwani mwanamaji hakuzaliwa na maji wala mwanafunzi hakuzaliwa na funzo. Ni kweli kwamba mwana kwa Kiswahili ni mpana kuliko mtoto. Lakini Nikea haikuishia kwenye jina la Mwana. Ilitamka kwamba alizaliwa na Baba wala hakuumbwa, na Sura ya 112 yakana kuzaa na kuzaliwa. Hapa pana mgongano wa kweli, na kuufunika kwa sarufi si uaminifu. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba Wakristo nao wakana kuzaa kwa mwili na kwa mke; wasemalo ni kuzaa kusiko na mwanzo, jambo ambalo kitenzi kuzaa, chenye uchungu na mkunga ndani yake, hakina nafasi nalo.

Kuna mabishano ambayo wanalugha wanaweza kuyamaliza, nayo ni yale ya matini. Katika mihadhara hudaiwa mara nyingi kwamba yule Msaidizi aliyeahidiwa katika Yohana, mlango wa 14, ni Mtume Muhammad, na kwamba neno la Kiyunani lilikuwa periklytos, yaani mwenye kusifiwa, likageuzwa kuwa parakletos. Hakuna nakala ya Kiyunani yenye neno hilo la kwanza mahali pale. Papiri iliyochapishwa mwaka 1956 kutoka maktaba ya Bodmer, ambayo wengi waliiweka karibu na mwaka 200 na wengine baadaye kidogo, ina parakletos, nayo kwa vyovyote ilitangulia Uislamu. Dai hilo liachwe. Wafasiri wa Union nao wamemficha msomaji jambo, kwani parakletos huyohuyo wamemwita Msaidizi katika Yohana na Mwombezi katika Waraka wa kwanza wa Yohana, na asomaye Kiswahili peke yake hawezi kujua kwamba ni neno moja.

Na Wakristo nao waache lao. Maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni, katika mlango wa 5 wa Waraka huohuo, hayamo katika nakala za kale za Kiyunani. Erasmus aliyaacha katika chapa za 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522. Mhubiri anayeyaleta kuwa ushahidi wa Utatu ashika mwanzi uliovunjika, na Mwislamu anayesema kwamba yameongezwa asema kweli. Mafundisho ya Utatu yalikwisha kutungwa katika karne ya nne bila msaada wa maneno hayo.

Tufike kwenye msalaba. Ningependa kusema kwamba hapa maneno ni safi, maana kusulubiwa ni neno la wote. Waahmadiya walionyesha kwamba sivyo. Wao hufundisha kwamba Isa aliwekwa msalabani kweli, akateremshwa akiwa hai, akafa baada ya miaka mingi huko Kashmir. Nao huisoma aya ya 157 ya Sura ya nne kwa maana kwamba kusulubu ni kuua kwa msalaba, hivyo asiyekufa hakusulubiwa. Al-Farsy, pamoja na Waislamu wengi, hakubali hata kwamba aliwekwa. Kumbe kitenzi kimoja chabeba matendo mawili, kutundikwa na kufa, na mabishano ya pande tatu yamepita katikati yake.

Basi tuulize kwa kitenzi chetu cha kale kisicho na utata: je, alikufa? Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika karibu na mwaka 116 kwamba aliuawa na Pontio Pilato wakati wa Tiberio. Paulo aliandika habari za kifo hicho katikati ya miaka ya 50, wakati walioshuhudia wangali hai. Kwa mizani ya wanahistoria, mambo machache ya zama hizo yana ushahidi ulio bora. Anayekana hana budi kujua kwamba akana kwa nguvu ya ufunuo, wala si kwa nguvu ya historia. Na kukana hivyo ni haki yake, maadamu akiri msingi wake.

Lakini Mkristo asifurahi mapema. Historia yampa kifo, haimpi kafara. Kwamba kifo hicho kiliondoa dhambi za watu si jambo ambalo Tacitus angeweza kuliona hata kama angesimama chini ya msalaba. Na neno kafara lenyewe, kwa Mswahili, ni kuku aliyeachwa njia panda au fidia ya saumu iliyovunjwa. Labda ndiyo sababu wafasiri wa Union, katika Waraka wa kwanza wa Yohana, waliunda kipatanisho, neno lisilo na kuku wala saumu, ingawa halina damu pia.

Limebaki la kufufuka. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliiweka imani yake yote juu ya jambo hilo moja, akakiri kwamba likiwa si kweli kuhubiri kwake ni bure. Hakuna mwandishi wa Kikristo wa Kiswahili niliyemsoma aliyethubutu kuweka rehani kubwa kiasi hicho. Katika mlango huo, wa 15, Biblia ya Union yaita ufufuo wa wafu kiyama. Msomaji wa pwani, akilikuta neno hilo, huwaza Siku ya Mwisho, ambayo yeye na Mkristo huiamini wote wawili, naye hupita bila kujua kwamba ameulizwa swali.