Njeo Iko Kwenye Piga, Haiko Kwenye Pasi

Mpwa wangu anafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo mjini Moshi. Zamu inapokwisha huandika taarifa kwenye daftari, na taarifa sharti iwe ya Kiingereza. Siku moja alinitumia picha ya ukurasa ambao meneja alikuwa ameuchafua kwa kalamu nyekundu. Sentensi tatu zilikuwa zimezungushiwa duara:

*The guest check-inned at two.*
*I turn offed the generator.*
*The water has ran out yesterday.*

Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Kosa liko wapi? Maneno yote hapo nayajua."

Ni kweli aliyajua. Alijua *turn off* ni kuzima na *run out* ni kuisha. Kilichomshinda ni kuviingiza vitenzi hivyo kwenye njeo. Tulilishughulikia jambo hilo kwa miezi mitatu, kwa simu na kwa daftari la kurasa 96, na njia tuliyoipata haikutoka kwenye kitabu cha Kiingereza. Ilitoka kwenye ubao wa kupigia pasi.

Kwanza, tatizo lenyewe. Kiingereza kina maelfu ya vitenzi vya maneno mawili: kitenzi kifupi cha kawaida, kisha kineno kama *up*, *off*, *out* au *down*. Hapa nitakiita kitenzi kichwa, na kineno nitakiita mkia. *Give* ni kutoa na *up* ni juu, lakini *give up* ni kukata tamaa. Ugumu huu wenyewe Waingereza waliuona zamani. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alitaja kwamba maneno ya namna hii ndiyo huwapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Jina ambalo walimu wa Kiingereza huyaita leo, *phrasal verbs*, lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925, naye alieleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Mwaka 1985 watafiti Dagut na Laufer waliwapima wanafunzi wasemao Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya aina hii. Waligundua kwamba wengi waliviepuka, wakachagua kitenzi cha neno moja kila walipoweza. Ukisoma insha za sekondari zetu utaiona tabia hiyohiyo. Mwanafunzi ataandika *extinguish* kabla ya kuthubutu *put out*, na *postpone* kabla ya *put off*. Insha inasomeka kama barua ya wakili, na mwandishi wake ana miaka 15.

Kwa Mwebrania nakubali, lugha yake haimpi pa kushika. Mswahili anapo pa kushika. Ana *piga pasi*.

Itazame vizuri. *Piga* peke yake ni kipigo. *Pasi* ni chuma cha moto. Yakikaa pamoja, hakuna anayepigwa, nguo inanyooshwa. Ndivyo ilivyo kwa *piga simu*, *piga kura*, *piga deki*, *kata tamaa*, *kula kiapo*, *vunja moyo*. Neno la kwanza ni la kawaida mno, na maana inasubiri neno la pili. Sasa ipitishe kwenye njeo: hupiga pasi, anapiga pasi, alipiga pasi, amepiga pasi, atapiga pasi. *Piga* inavalishwa viambishi kila mara, *pasi* imekaa vilevile kama jiwe la mafiga. Hakuna mtoto aliyewahi kusema "piga alipasi".

Kiingereza hufanya hivyohivyo: *turns off*, *is turning off*, *turned off*, *has turned off*, *will turn off*. Njeo yote imebebwa na *turn* na visaidizi vyake. *Off* haiguswi. Nilipomwandikia mpwa wangu safu hizo mbili, ya pasi na ya *turn off*, zikiwa sambamba, alijibu kwa neno moja: "Kumbe!"

Basi *turn offed* ilitoka wapi? Nadhani ilitoka kwenye Kiswahili chetu cha mjini. Sisi husema "nimelogin", "tulibackup", "mgeni amecheck-in". Kiswahili huweka njeo mbele, kwa hiyo tunaweza kulimeza neno zima, kichwa na mkia, kama shina moja, tukalitangulizia *-me-* au *-li-* bila hasara yoyote. Hasara huja tunapolirudisha neno Uingereza. Kule alama ya wakati uliopita hukaa mwishoni mwa kitenzi. Mkono unatafuta mwisho wa neno, unakutana na *in*, unaipachika *-ed* hapohapo. Ndipo *check-inned* inapozaliwa. Dawa yake ni kuukata mkia kabla ya kubadili njeo: *check* | *in*, *checked* | *in*. Kanuni ndogo ya tahajia husaidia pia. Yakiungana, *login* au *backup*, hilo ni jina la kitu. Kitenzi huandikwa kwa maneno mawili: *log in*, *back up*.

Kazi ya pili ilikuwa kuvijua vichwa. Hapa hesabu inatia moyo. Mwaka 2007 Gardner na Davies walichambua mkusanyiko wa matini za Kiingereza cha Uingereza wenye maneno milioni 100. Waliona kwamba vitenzi 20 tu, vikiungana na mikia 8, vinabeba zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi vya maneno mawili. Kati ya hivyo 20, saba hupokea *-ed* bila matata: *carry*, *turn*, *look*, *pick*, *point*, *work*, *move*. Kumi na vitatu vilivyobaki ni vikorofi: *go*, *come*, *take*, *get*, *set*, *bring*, *put*, *make*, *sit*, *find*, *give*, *break*, *hold*. Anayezijua sura tatu za hivyo 13 amemaliza sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu *went* ni *went* iwe na *out*, *back* au *off*.

Katika hao wakorofi tuliwawekea alama wa aina mbili. *Put* na *set* hawabadiliki kabisa: *they put off the meeting* inaweza kuwa desturi yao au jambo la jana, na msomaji ataamua kwa neno kama *yesterday* au *every year*. Halafu yupo *come*, na *run* wa yale maji ya hotelini ana tabia hiyohiyo, ambao hubadilika mara moja kisha hurudi nyumbani: *come, came, come*, *run, ran, run*. Ndiyo maana *has ran out* ni kosa. Baada ya *has* inatakiwa sura ya tatu, nayo ni *run*.

Hapo tukafika kwenye sentensi ya maji, ambayo ilikuwa na kosa jingine ndani yake, na kosa hilo halikuwa la Kiingereza peke yake. Njeo za Kiswahili na za Kiingereza hufuatana kwa mwendo mrefu, kisha huachana mahali panapojulikana. Tulipahesabu, tukapata patatu, na pa nne ambapo hukutana tena.

Pa kwanza ni *-me-*. Kwetu "amefika jana" hupita bila mtu kugeuza shingo. Kiingereza hakikubali *has* ikae na wakati uliokwisha kutajwa. Umeme umekatika, na giza bado lipo: *the power has gone out*. Umeme ulikatika jana: *the power went out yesterday*. Ukitaja siku au saa, *-me-* yako igeuze *-li-* kwanza, ndipo utafsiri.

Pa pili ni *-na-*, ambayo kwetu hubeba la sasa hivi na la kila siku. "Ninaamka saa kumi na mbili" inamwongoza mtu kusema *I am waking up at six every day*. Jaribu kuiweka *hu-*. Ikikubali, yaani "huamka", basi Kiingereza kinataka sura kavu: *I wake up at six*. Ikikataa kwa sababu jambo liko njiani, kama maji yanayoelekea kuisha kwenye tangi, hapo ndipo penye *-ing*: *the water is running out*.

Pa tatu ni *-ka-*, na hapa msimulizi hodari wa Kiswahili huponzwa na ufundi wake. "Aliamka, akatoa baiskeli, akaondoka." *-li-* imesema mara moja tu, *-ka-* zikaiegemea. Mpwa wangu aliandika *He woke up, take out the bicycle and go off*, akidhani *woke* imeshalipia nauli ya wote. Kiingereza hutoza kila kichwa nauli yake: *woke up, took out, went off*.

Pa nne ni ukanushi, na hapa bahati iko upande wetu. Wanafunzi wengi huandika *he didn't gave up*. Lakini Mswahili anajua tangu utotoni kwamba wakati uliopita hauwekwi mara mbili. "Alikata tamaa" ikikanushwa ni "hakukata tamaa". *-Li-* imeondoka, *-ku-* imeshika nafasi. *Did* ndiyo *-ku-* yao. Ikishaingia, kitenzi huvua nguo za wakati: *he didn't give up*.

Tulipofika kwenye kauli ya kutendwa, nilimuuliza angesemaje kama nguo zimekwisha kunyooshwa. "Nguo zimepigwa pasi, mjomba." Je, ningesema "nguo zimepigwa" nikaishia hapo? Alicheka: "Zimekosa nini hadi zipigwe?" Basi *the lights were turned* ni kichekesho hichohicho. Mkia haudondoki hata mtenda akiondolewa: *the lights were turned off*, *the meeting was put off*.

Pasi ilitufaa tena kwenye kiwakilishi. Ukizungumzia shati si lazima useme "nimepiga pasi" ukalitaja shati mwishoni. Waweza kusema "nimelipiga pasi", na *li* ikaingia ndani, karibu na kitenzi, mbele ya *pasi*. Kiingereza nacho, jina refu hulipa uhuru wa kukaa popote, *turn off the generator* au *turn the generator off*, lakini kiwakilishi kifupi hukibana katikati: *turn it off*. *Turn off it* haisemwi.

Ulinganisho huu una mpaka. Vipo vitenzi ambavyo mkia wake haukubali kuachana na kichwa: *look after it*, *run into him*. Kwa sura huwezi kuvitambua. Tuliamua kwamba hakuna kitenzi kinachoingia kwenye daftari bila *it* au *him* yake mahali pake. Haandiki *turn off*, anaandika *turn it off*. Haandiki *look after*, anaandika *look after it*. Nafasi inakaririwa pamoja na neno.

Maana za mikia tuliziacha mwisho, kwa makusudi. Gardner na Davies waliihesabu orodha ya vitenzi 100 vinavyotumika zaidi, maana zikafika 559. Huwezi kuzimeza kwa mkupuo. *Pick up* peke yake ni kuokota kitu, kumpitia mtu kwa gari, na kuijua lugha kwa kuisikiasikia. Hata hivyo mkia mmoja mmoja una tabia inayojirudia. *Up* mara nyingi haihusu juu. Hukomaza tendo mpaka liishe: *eat up*, *use up*. Mpwa wangu alipouliza juu inahusu nini na kumaliza chakula, nilimuuliza "futilia mbali" ni kufuta umbali gani. Na "tupilia mbali" hoja, hoja huangukia wapi? *Mbali* yetu imeacha umbali, ikawa ukamilifu. *Up* yao nayo ilisafiri hivyo.

Daftari lenyewe lilikwenda hivi. Ukurasa mmoja, kitenzi kimoja. Mistari sita: *hu-*, *-na-* ya sasa hivi, *-li-*, *-me-*, *-ta-*, na *haku-*. Kila mstari sentensi moja ya kazini kwake, kwa Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza. Vitenzi vitano kwa wiki, na Jumapili ananisomea kwa simu huku nikiichanganya mistari. Wiki za mwanzo alikuwa akisita kila kwenye *-me-*. Kufikia wiki ya nane kusita kulihamia kwenye *-ka-*, na huko hakujaisha hadi leo akisimulia kisa kirefu kwa haraka.

Wiki iliyopita alinitumia picha nyingine ya daftari la zamu. Safari hii hapakuwa na wino mwekundu:

*The water ran out at four. I called the plumber and he said he would come back. I turned the pump off. He has not turned up.*

Vitenzi vinne vya maneno mawili, kila kimoja kimekaa kwenye njeo yake, na mikia haijaguswa. Nilimpigia kumpongeza. Alinishukuru kwa adabu, kisha akaniomba nisiongee sana, kwa kuwa mgeni wa chumba namba saba alikuwa amesimama mbele yake na sabuni kichwani.