Mcheza Kwao Hutuzwa: Mgeni wa Nairobi na Uchaguzi wa Onyesho

Wanafunzi wengi wa fasihi katika vyuo vyetu wanaijua tamthilia kwa njia ya kitabu tu. Mtu atakutajia mgogoro, wahusika wakuu na wasaidizi, dhamira tano na mbinu kumi, lakini hajawahi kuketi gizani akaona taa za jukwaa zikiwaka. Kisha siku moja anapata safari yake ya kwanza ya Nairobi. Ana jioni moja isiyo na shughuli na pesa za tiketi moja tu. Je, atazame nini?

Wapo watakaosema hili ni swali la starehe, si la uhakiki. Mimi nasema ni la uhakiki hasa. Kabla mtu hajaandika neno moja kuhusu fani na maudhui, tayari ameshaamua kipi kinastahili macho yake na kipi hakistahili. Uamuzi huo una misingi yake, na misingi hiyo yafaa kuchunguzwa kama tunavyochunguza kazi yenyewe.

Kwa kawaida mgeni hupewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza: tazama tamthilia teule, ile uliyosoma au utakayofundisha. Wa pili: nenda kwenye vichekesho vya mwisho wa juma, ucheke, usahau taabu za basi. Wa tatu: tafuta mchezo mkubwa wenye jina, wa nyimbo na maleba ya kumeremeta, ili ukirudi nyumbani uwe na la kusimulia.

Siupuuzi ushauri wowote kati ya huu, ila kila mmoja una kasoro yake. Maonyesho ya tamthilia teule yamewafaa wanafunzi wengi, tangu zama za Amezidi ya Said Ahmed Mohamed hadi Kigogo ya Pauline Kea. Lakini mara nyingi hadhira yake ni watahiniwa. Mwigizaji anajua kwamba walio mbele yake wanasubiri jibu la swali la mtihani, basi anatamka kila neno kana kwamba anasoma imla. Vichekesho navyo vina wacheshi wa kweli, na kuchekesha watu si kazi ndogo. Tatizo ni kwamba vingi hujengwa juu ya kiunzi cha mchezo wa kigeni: mume, hawara, kabati na mlango. Mgeni atacheka, ndiyo, lakini ataondoka bila kujua ameitembelea Nairobi au mji mwingine wowote. Na mchezo mkubwa wenye jina? Hapo itategemea jina hilo lilipatikana wapi, na kwa nani.

Hebu tuchukue mfano halisi ili tusibishane hewani. Mwezi wa Mei 2022, kikundi cha Nairobi Performing Arts Studio, chini ya mwelekezi Stuart Nash, kilileta Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho. Mchezo ulionyeshwa kwa lugha mbili: siku nyingine Kigikuyu, siku nyingine Kiingereza. Sasa mfikirie mwanafunzi kutoka Kakamega, Kisii au Lamu aliyefika mjini wiki hiyo. Kigikuyu hakijui. Ameisoma tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa 1982, pengine hata ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda. Achague usiku upi?

Wenzangu wengi watajibu bila kufikiri: wa Kiingereza, bwana, kwani utalipa pesa ukasikilize usichoelewa? Mimi najibu: wa Kigikuyu. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, kisa anakijua. Anajua kwamba Kiguunda ni kibarua wa shamba mwenye ekari moja na nusu, na kwamba hatimiliki ya ardhi hiyo imetundikwa ukutani nyumbani kwake. Anajua kwamba Kioi na mkewe Jezebel watamhimiza yeye na Wangeci wafunge ndoa ya kanisani, kwamba gharama ya arusi itamfanya aiweke ardhi rehani, na kwamba mwisho wa yote atabaki mikono mitupu. Kama ni habari tu anazotaka, asingesafiri, angebaki maktabani. Ambacho kitabu hakikumpa ni uzito wa ile karatasi ukutani pale mtu mzima anaposimama kuitazama kimya. Kimya hakihitaji mkalimani.

Pili, tamthilia hii imejaa nyimbo na ngoma, na hizo si mapambo ya kumpumzisha mtazamaji kati ya maneno. Ngugi wa Thiong'o ameeleza jinsi maneno ya gitiiro, yale majibizano ya kuimbwa katika sherehe ya arusi, yalivyotolewa na mama mmoja mkulima asiyejua kusoma, neno kwa neno, nao waandishi wakayaandika. Ukiyatafsiri kwa Kiingereza unabaki na maana, lakini unapoteza mapigo, mafumbo na ule utani wa wakwe. Anayesoma Nitaolewa Nikipenda hupita hapo haraka, kama tunavyofanya sote tukikuta wimbo katikati ya mchezo. Ukumbini hawezi kupita haraka. Itambidi ausikilize hadi mwisho, na aone hadhira inavyoupokea.

Tatu, na hii ndiyo hoja yangu kuu, hadhira ya tamthilia hii ni sehemu ya utunzi wake. Tukumbuke historia. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walijenga kwa mikono yao wenyewe ukumbi wa wazi wa kuchukua watu wapatao 2,000. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakasahihisha. Mzee huongei hivyo, walisema. Ngoma hii haichezwi hivyo. Walioundia Mau Mau bunduki zamani ndio waliosimamia utengenezaji wa bunduki za mchezo. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977, kibali kikafutwa tarehe 16 Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mchezo haukuzimwa kwa sababu ya kisa chake tu, kwani visa vya mabwanyenye na makabwela vilikuwapo tele katika vitabu vya Kiingereza na havikumtisha mtu. Ulizimwa kwa sababu ulikuwa katika lugha ambayo makabwela wenyewe waliielewa na kuijibu. Basi anayetaka kuiona tamthilia hii na auendee usiku ambao watu wanaijibu.

Pia kuna suala la jumba lenyewe. Mgeni aingiapo Jumba la Kitaifa, lililofunguliwa 1952 wakati wa ukoloni, mkabala na hoteli ya Norfolk, anaingia mahali palipokuwa na ubishi mkali kuhusu nani ana haki ya kuchagua. Mwaka 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi na Micere Mugo na Betrayal in the City ya Francis Imbuga zilikuwa zimeteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC, Lagos, 1977. Hata hivyo zilipewa siku chache tu, zikabanwa kati ya ballet ya Kifaransa na mchezo wa nyimbo uliovuma Broadway. Na bado Kimathi ilipoonyeshwa Oktoba ile, watazamaji waliinuka wakaungana na waigizaji, ngoma ikafurika hadi nje ya ukumbi. Kumbe anayechagua onyesho hachagui peke yake. Kuna aliyekwisha kumchagulia kwa kuamua lipi lipewe ukumbi, siku ngapi, na kwa lugha gani. Ngaahika Ndeenda kuingia humo kwa Kigikuyu, miaka 45 baada ya kibali kufutwa, si jambo dogo.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Moja ni hii ya kutoelewa. Nakubali ina kiasi chake. Hotuba za Gicaamba kuhusu kazi ya kiwandani na mshahara usiotosha zimejengwa kwa hoja, na hoja hutaka maneno. Yule ambaye hajaisoma tamthilia kabisa na achague Kiingereza, simlaumu. Lakini aliyesoma asijifanye hana mlango wa kuingilia. Mwaka 2012 kikundi kutoka Kenya kilipeleka The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare katika ukumbi wa Globe, London, kwa Kiswahili, Wanawake wa Heri wa Winsa, katika tamasha lililokuwa na tamthilia 37 kwa lugha 37. Mitambo ya ukumbini haikutafsiri kila sentensi. Ilitoa muhtasari tu wa kila onyesho. Wengi wa watazamaji Kiswahili hawakukijua, lakini waliketi, wakatazama. Ikiwa mtu wa London anaweza kuketi mbele ya Kiswahili chetu, Mkenya anashindwaje na lugha ya jirani yake?

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, si ukabila huu, mchezo wa lugha moja katika jumba la taifa? Jibu langu ni kwamba ukabila ni kila mtu kwenda kwa wa kwao tu. Mluhya au Mswahili anayelipa nauli yake kwenda kusikiliza Kigikuyu anafanya kinyume chake. Na kuna jambo jingine ambalo huenda likamfaa zaidi. Ataketi ndani ya jumba la nchi yake mwenyewe huku watu wanacheka naye hajui wanachekea nini. Basi ajue kwamba hivyo ndivyo mkulima wa Limuru alivyokuwa akiwekwa mbele ya tamthilia za Kiingereza miaka yote. Hilo halifundishwi kwa mhadhara wa saa moja, wahadhiri wetu waniwie radhi.

Kinachonikera mimi, mpenzi wa Kiswahili, ni kitu kingine. Lugha mbili zilipangwa Mei 2022, na Kiswahili hakikuwamo, ilhali tafsiri imekuwapo tangu miaka ya themanini. Ile lugha ambayo ingewakutanisha Mgikuyu, Mluhya na Mswahili katika safu moja ya viti ndiyo iliyoachwa mlangoni. Wa kuulizwa si kikundi kile pekee. Sisi tunaosoma Kiswahili tumeidai tafsiri hiyo ukumbini lini? Tunaijua ya rafu tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata safari yako ya kwanza, usianze kwa kuuliza mchezo upi unavuma. Uliza maswali matatu. Mchezo huu ulitungwa kwa ajili ya nani? Watu hao watakuwapo ukumbini usiku upi? Na mimi nimesoma nini kabla ya kwenda? Kama majibu yatakupeleka kwenye vichekesho, nenda ukacheke. Vimo vilivyotungwa na Wanairobi kwa ajili ya Wanairobi, na hivyo ni vya kwao kabisa. Kama yatakupeleka kwenye tamthilia teule, nenda, ila chagua kikundi kinachoigiza, si kinachokariri. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Nasi watazamaji tunapaswa kwenda pale mchezaji alipo kwao, kwa sababu hapo ndipo atacheza kwa nguvu zake zote, na mwenye macho atapata cha kuhakiki.

Asiyekubaliana nami na achukue kalamu. Hasa ningependa kumsikia atakayetetea usiku wa Kiingereza, kwani upande huo una hoja, nami sijazimaliza zote.