Macho Makavu Yanayotiririka Machozi

Mfasiri akipewa makala ya utabibu juu ya protini zilizomo katika machozi ya watu wenye maradhi ya jicho kukauka, kalamu yake huandika upesi: "mabadiliko ya protini za machozi kwa wagonjwa wa macho makavu". Hakuna neno la kigeni hapo ambalo halijakaribishwa katika Kiswahili. Hata hivyo tunaonelea kuwa maneno hayo, yakisomwa Kisesa kama yalivyo, yatapotosha mara tatu.

Kisesa hatukuichagua kwa bahati. Kata hiyo ya Wilaya ya Magu, kiasi cha kilometa 20 mashariki ya mji wa Mwanza, imekuwa mahali pa uchunguzi wa afya ya jamii, hasa wa UKIMWI, tangu 1994. Wakazi wake, ambao wengi wao huzungumza Kisukuma nyumbani, wamezoea kuulizwa maswali na kuombwa ridhaa kabla ya kutolewa damu. Anayeombwa tone la chozi naye ana haki ya kujua kinachotafutwa ndani yake, na haki hiyo haimfikii ila kwa maneno anayoyaelewa.

Tuanze na "macho makavu". Mkavu wa macho, katika Kiswahili, ni mtu asiye na haya. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi hivyo hamhurumii, anamkemea. Hilo pengine lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba wengi wa wenye maradhi haya hutokwa machozi. Mafuta ya tezi za kope yakipungua, machozi hukauka upesi. Uso wa jicho huwashwa, na tezi ya machozi humwaga maji kujibu mwasho huo. Mama anayejifuta kutwa kwa ncha ya khanga atakubalije kuwa macho yake ni makavu? Tena "ukavu wa macho" umekwisha kutumika kwa maradhi ya watoto yaletwayo na upungufu wa vitamini A, ambayo tiba yake ni nyingine kabisa.

Neno "protini" lina mtego wake. Kliniki za mama na mtoto zimefunza kwamba protini ni maharage, maziwa na samaki. Asomaye Kisesa kuwa protini za machozi yake zimepungua atafikiri dawa iko mwaloni, kwenye dagaa na sato. Lakini lisozimu, ambayo Alexander Fleming aliitangaza mwaka 1922 na kuichunguza katika machozi, pamoja na laktoferini, hutengenezwa na tezi ya machozi yenyewe. Kwa mgonjwa tunayemzungumzia, aghalabu hupungua kwa kuwa tezi imedhoofika, si kwa kuwa sahani ni tupu.

Kuhusu "mabadiliko", hilo ni neno la mtu asiyetaka kuulizwa zaidi. Lisozimu na laktoferini hupungua. Kimeng'enya kiitwacho MMP-9, kinachoandamana na mchochota, huongezeka. Lugha yetu ina vitenzi vya kutosha, basi mfasiri aseme nini kimepanda na nini kimeshuka.

Mahali pa "macho makavu" tunapendekeza "ugonjwa wa utando wa machozi", kwa kuwa jina hilo huwachukua wote wawili, mwenye machozi haba na yule ambaye machozi yake hayadumu. Tutaambiwa kwamba utando utawafikirisha watu mtoto wa jicho. Hofu hiyo ina haki, ndiyo maana sehemu "wa machozi" isikatwe kamwe, hata kwenye vichwa vya habari. Daktari anayezungumza na mgonjwa ana kwa ana aendelee kusema "macho makavu" akitaka, maana anaweza kufafanua, karatasi haiwezi.

Na karatasi ya ridhaa tungeiandika hivi: "Tutachukua tone la chozi lako. Chozi lina protini ambazo jicho hujitengenezea ili kujilinda. Tunataka kujua zipi zimepungua na zipi zimezidi. Chakula unachokula hatukipimi."