Kugawana Umaskini Katika Vijiji vya Java

Katika kitabu chake Agricultural Involution, kilichochapwa mwaka 1963, Clifford Geertz asema ya kuwa wakulima wa Java, walipozidi kuwa wengi, waligawana kazi na mpunga, hata kijijini hamkuwa na matajiri na mafukara, bali wenye kutosha na wenye kupungukiwa. Maneno hayo yapendeza, walakini twaona yafunika jambo kubwa. Kulikuwa na wasio na shamba kabisa, nao waligawiwa mavuno, si ardhi. Wanawake walikata masuke kwa kisu kidogo, wakapewa fungu liitwalo bawon. Fungu hilo lilikuwa desturi tu, wala si mali yao. Katika miaka ya 1970 jambo hili lilidhihirika: wenye mashamba wengi waliuza mpunga ungali shambani, mnunuzi akaleta wavunaji wake wenye mundu, na majirani wakakosa fungu. Lakini zamu ya kulinda kijiji usiku iliwapasa hata wasio na shamba. Je, walilinda mali ya nani? Basi, tusomapo sifa za umoja wa kijiji chochote, na tuulize kwanza: shamba ni la nani?