Nasaba ya Gari Lililouzwa

Miongoni mwa sanaa ambazo watu huzifanya bila ya kuzipa jina, iko moja niionayo kuwa yastahili kusifiwa kwa kalamu, nayo ni ile ya kulitafuta gari ambalo mtu alilipenda, likauzwa kwa haja ya fedha au kwa wepesi wa ujana, na baada ya miaka thelathini au arubaini akapandwa na shauku ya kujua liliko. Asiyeijua hudhani ni mchezo wa bahati, au upuuzi wa tajiri aliyekosa shughuli. Ilhali ina kanuni zake madhubuti, na kanuni hizo zakaribia sana elimu ya wanavyuoni wa hadithi, wasiokubali neno ila kwa sanadi: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, na kila rawi hupimwa, je, alikuwa mkweli au mzushi, mwenye hifadhi au msahaulifu?

Matini ya gari ni namba ya chesi. Chukua hii: 8R02S125559. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, yaani 1968. R ni kiwanda cha Ford cha San Jose, California. 02 ni umbo la bodi, ile Mustang ambayo paa lake hushuka kwa mteremko mmoja mpaka kwenye buti. S ni injini ya inchi 390 za ujazo. Na zilizosalia ni zamu yake katika mfululizo wa kiwanda. Hilo ndilo gari la kijani iliyokoza aliloendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt, iliyotoka mwaka huo wa 1968, katika mfukuzano wa takriban dakika kumi uliovuma kwa jinsi magari yalivyorushwa juu ya vilima vya San Francisco. Pacha wake, namba inayoishia 558, ndilo lililopewa sulubu ya kuruka na kugonga.

Filamu ilipokwisha, pacha aliyesulubiwa alikwenda kwenye magari mabovu, na mwenziwe akauzwa, akapita mikononi mwa watu kadhaa, hata mwaka 1974 akanunuliwa huko New Jersey kwa dola 6,000, akawa gari la nyumbani, mama wa nyumba akilipanda kwenda kusomesha. McQueen hakuwahi kuwa na hati ya gari hilo, bali moyo wake ulibaki ndani yake, na mwaka 1977 alimwandikia mwenye gari barua, wala haikuwa mara ya kwanza kuomba, akimsihi kwa adabu amwuzie. Hakuuziwa, na mwaka 1980 akafariki dunia. Kwa hukumu yangu mwenye gari hakudhulumu: aliyenunua kwa halali hana deni kwa mapenzi ya mwingine, na anayebisha hodi lazima awe tayari kuambiwa hapana.

Lakini ustadi wenyewe hudhihirika zaidi katika kisa cha yule pacha mnyonge. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba ameonekana Mexico, katika Baja California, bodi tupu iliyopakwa rangi nyeupe, na aliyeinunua alikuwa amekusudia kuigeuza iwe mfano wa Mustang ya filamu nyingine kabisa! Namba ikatazamwa, ikazua shaka njema; akaitwa Kevin Marti, ambaye Ford ilimpa idhini ya kutumia kumbukumbu zake za uzalishaji. Hapo daftari na chuma vikasomwa pamoja: pale zinapofungwa shokomzoba palikuwa pameongezwa vyuma vya kuhimili mishindo, na katika buti mlikuwa na matundu yaliyotobolewa kupitishia nyaya za mitambo ya filamu. Mzushi aweza kugonga namba za uongo kwenye kibati. Kubuni kovu la kazi ambayo wachache walijua kuwa ilifanyika ni jambo zito zaidi, na ndiyo maana fundi wa sanaa hii huinama chini ya gari kabla ya kutia macho katika hati.

Huku kwetu, ambako kadi ya gari huweza kukaa na jina la mtu aliyekwisha kuuza zamani, rawi mwaminifu aghalabu ni fundi wa gereji. Majina ya matajiri yatamtoka, lakini atakumbuka kwamba gea ya pili ilikuwa ikichomoka mlimani, na kwamba yeye mwenyewe alichomelea mlango wa kushoto. Nami ningemwamini kabla ya karani.

Lile namba 559 lilibaki katika aila ile ile, bila ya kupakwa rangi upya, na Januari 2020 mwana wa mnunuzi alilipeleka mnadani Kissimmee, Florida, likafika dola milioni 3.4 kabla ya ada. Wengine waliita bei hiyo wazimu. Mustang za kijani za kuiga ni tele, na nyingi zapendeza macho kuliko hilo lililochujuka. Kilicholipiwa ni sanadi isiyokatika, na miongoni mwa hati zilizofuatana na gari, zikishuhudia kwamba ndilo lenyewe, ilikuwamo ile barua ya mwaka 1977 ya mtu aliyeliomba asilipate.